Akina Mama, Damu Hiyo Yatoka Wapi?

Najua kwamba katika nyumba nyingi gazeti hili husomwa jioni baada ya chakula, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Leo nawaomba baba na mama wausome ukurasa huu kwanza wao wawili, kisha waamue wenyewe nani asomewe. Habari yake ni ya akina mama wa miaka arobaini na kuendelea wanaotokwa na damu ya uzazi isivyo desturi. Si habari ya aibu. Ni habari ya heshima tu, na habari ya heshima ina mahali pake pa kusemewa.

Mimi si mganga. Ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, nikafundisha kidogo, na sasa kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na kitabu cha marehemu. Kitabu hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike. Watu wa nyumba wakija kunipa habari za marehemu huniambia pia alivyougua. Akiwa mzee mwanamume, husema bila shida: kifua, presha, kisukari. Lakini akiwa mama wa miaka arobaini na mitano au hamsini, mara nyingine huangalia chini, husema "tumbo lilimsumbua," na mmoja wao, baada ya kimya kirefu, huongeza, "Damu ilimwishia." Nikiuliza kama alipimwa, jibu ni kwamba walidhani ni umri.

Siku moja niliandika hivyo jina la mama mmoja wa miaka arobaini na sita, ambaye alikuwa akinisaidia kuwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Nilikuwa nikimwona kila Jumamosi. Nilimwona akianza kukaa chini badala ya kusimama mbele ya watoto, nikafikiri amechoka na shamba. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilijulikana wakati haikuweza tena kukatwa. Damu ilikuwa imemwambia tangu mwaka mmoja na nusu uliopita.

Basi mwaka juzi, mwezi wa Desemba, shangazi yangu alikuja ofisini kununua kalenda ya mwaka mpya. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi, na baada ya kulipa hakuondoka. Ninyi wa huku Karagwe na Kyerwa mwajua kazi ya shangazi. Ndiye anayemfunda msichana kabla ya harusi, ndiye mwenye maneno ya mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Huyu wangu amewafunda wasichana wengi, toka Nyaishozi hata Nkwenda. Lakini siku ile maneno yalimpotea yeye mwenyewe. Mwishowe alisema hivi: umri wake ni miaka hamsini na mitatu, siku zake zilikoma kabisa miaka miwili nyuma, na tangu mavuno ya kahawa damu imerudi, leo kidogo, kesho haipo, juma lijalo tena. Alikuwa amekwenda mara tatu mahali fulani pa dawa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, wala hakuna aliyemuuliza damu inayoongezwa inakwenda wapi. Majirani aliowadokezea walicheka wakasema, "Ujana umerudi!"

"Basi mwanangu," akaniambia, "wewe umesoma. Ujana hurudi?"

Sikuwa na jibu. Nilimpeleka hospitali, nikakaa naye, nikasoma karatasi zake zote, nikamsumbua daktari kwa maswali mpaka nadhani alinichoka. Haya ninayoandika niliyapata huko, na mengine katika vitabu alivyonionyesha.

Kipi ni cha kawaida?

Kwa mama ambaye bado anapata siku zake, kutoka mwanzo wa hedhi moja hata mwanzo wa nyingine huwa kati ya siku 24 na 38. Damu yenyewe haipiti siku 8. Na yote ikikusanywa haizidi kama mililita 80, yaani vijiko vikubwa vitano hivi. Najua hakuna atakayeipima kwa kijiko. Lakini mwanamke ajua mwili wake: kama anabadili kitambaa au pedi kila saa moja au mbili, kama anaamka usiku kubadili, kama yanatoka mabonge ya damu, kama haendi kanisani wala sokoni siku hizo kwa kuogopa kuchafuka, hiyo imepita kipimo. Kadhalika damu inayotoka katikati ya mwezi, na damu inayotoka baada ya kukutana na mume, si ya kawaida hata kama ni tone.

Sasa, karibu na miaka hamsini hedhi huyumbayumba kabla ya kukoma. Mwezi mmoja yaja mara mbili, miezi miwili haionekani, kisha yaja kwa wingi. Daktari alinieleza sababu yake kwa njia niliyoielewa. Kila mwezi mji wa mimba hutandika kitanda cha damu na nyama laini, ukingoja mtoto. Yai likitoka, mwili hupata ujumbe wa kuacha kutandika. Mimba isipoingia, kitanda chote huondolewa mara moja, na hiyo ndiyo hedhi. Lakini kwa mama wa makamo mayai hayatoki tena kila mwezi. Yai lisipotoka, ujumbe hauji. Basi kitanda hutandikwa tu, tandiko juu ya tandiko, mpaka yaporomoke yenyewe kwa uzito wake, vipande vipande, siku nyingi, bila mpango.

Kwa hiyo wanaosema "ni umri" hawasemi uongo mtupu. Wasema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyompoteza mwalimu wangu wa komunyo. Umri ni sababu inayotajwa mwisho, baada ya nyingine kutafutwa na kukosekana. Sisi twaitaja kwanza, kisha hatutafuti kitu.

Na kuna mpaka mmoja ambao kila nyumba yapasa kuujua. Mwanamke akimaliza miezi 12 mfululizo bila hedhi, amekoma. Damu yoyote itakayotoka baada ya hapo, hata iwe doa moja kwenye nguo, haina ukawaida wowote, na apimwe. Wataalamu waliokusanya hesabu za nchi mbalimbali wameona kwamba katika wanawake kumi wa namna hiyo, karibu mmoja huwa na saratani ya ndani ya mji wa mimba. Wale tisa aghalabu wana jambo dogo: ngozi ya ndani imekuwa nyembamba na kavu, au kumeota kinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini kwa kutazama nje hakuna awezaye kusema wewe u katika wale tisa au ni yule mmoja. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la shangazi: ujana haurudi.

Daktari hutafuta nini?

Mwaka 2011 shirikisho la madaktari wa akina mama wa dunia nzima lilikubaliana kuzipanga sababu za damu hii katika makundi tisa. Manne ni ya vitu vinavyoweza kuonekana au kushikwa: vinyama vinavyoota ndani, ukuta wa mji wa mimba ulioingiliwa na ngozi yake ya ndani, ukavimba na kuuma, vivimbe viitwavyo fibroidi, na saratani pamoja na unene wa ngozi ya ndani unaoitangulia. Matano mengine hayaonekani kwa macho: damu isiyoganda vizuri, mayai yasiyotoka, matatizo ya ngozi yenyewe ya ndani, dawa alizopewa mtu, na mengine ambayo bado hayajapata kundi. Hedhi inayoyumba kwa umri iko humo katika mayai yasiyotoka. Yaani ile sababu ambayo mtaani ni moja na ya pekee, kwa madaktari ni sehemu ya kundi moja katika tisa!

Kwanza kabisa daktari huuliza habari ya mimba. Msicheke. Mama wa miaka arobaini na minne aweza kupata mimba bila kudhani, na damu ikawa ni ya mimba inayoharibika, au iliyotunga nje ya mji wa mimba, ambayo yaweza kumwua mtu kwa siku moja. Tena ile mimba isiyo mtoto, inayokuwa kama kichala cha zabibu, huwapata zaidi wanawake waliopita miaka arobaini kuliko vijana wa miaka ishirini na kitu. Kipimo cha mkojo ni cha dakika chache.

Pili huuliza damu yatoka njia gani. Shangazi alishangaa swali hilo, lakini lina maana. Damu ya kichocho hutoka na mkojo, ya bawasiri hutoka na choo, na mwanamke akiona nguo imechafuka hajui ni ipi. Kichocho chenyewe chaweza pia kuumiza sehemu za uzazi zikatoka damu, hasa kwa wale walioishi karibu na maji yenye konokono wanaoeneza ugonjwa huo.

Tatu huuliza dawa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huvuruga hedhi ya wengi. Kipandikizi cha mkononi vilevile. Dawa za kuzuia damu kuganda, wanazopewa wagonjwa wengine wa moyo, huongeza damu. Ataulizwa pia dawa za miti shamba, na hapo wengi hukana. Msikane. Daktari hakuulizi ili akugombeze. Anataka kujua ni nini kimo mwilini mwako kabla hajaongeza kingine. Tena ataulizia ugonjwa wa tezi ya shingoni, kisukari, presha, unene, na idadi ya uzazi, kwa kuwa saratani ya ndani ya mji wa mimba huwapata zaidi walio wanene, wenye kisukari, na wasiopata kuzaa.

Baada ya maswali, macho. Hapa ndipo akina mama wengi hukimbia. Daktari au muuguzi huingiza chombo cha kupanua njia, akatazama mlango wa kizazi kwa taa. Mume wa shangazi alikuwa amesema kwamba mwanamke mwenye wajukuu havuliwi nguo mbele ya kijana. Sawa, basi omba muuguzi mwanamke awepo. Siku ile alikuwepo, akamshika shangazi mkono, na kazi yote haikupita dakika tano. Kutokwa damu bila kutazamwa mlango wa kizazi ni kama kuambiwa na fundi kwamba paa lako linavuja, naye hakupanda ngazi.

Mlango wa kizazi wenyewe nausemea kwa kirefu, maana ndiko kwenye hatari kubwa ya kwetu. Katika Tanzania saratani ya mahali hapo huwapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Huletwa na kirusi kiitwacho papiloma ambacho huambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyevumbua jambo hilo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Wengi hukipata kirusi hicho wakiwa vijana, mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache hukaa kimya miaka kumi, kumi na mitano, ishirini, kikigeuza ngozi polepole. Kwa hiyo mama wa miaka arobaini na tano akiugua, mume asiseme amekosa uaminifu mwaka huu. Huenda jambo lilianza kabla hawajafikiria mjukuu, na kirusi aghalabu hupitia kwa mume. Wenye VVU hatari yao ni karibu mara sita kuliko wengine, nao hupimwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi.

Kuna kipimo rahisi cha mabadiliko hayo kabla hayajawa saratani. Mlango wa kizazi hupakwa siki hafifu, na baada ya dakika moja hivi mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Pakionekana pachache, huchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi siku ileile, mtu akarudi nyumbani kwake kwa miguu. Lakini tafadhali sikilizeni hapa. Kipimo cha siki ni cha mwanamke asiyeumwa kitu, ili kuukamata ugonjwa mapema. Aliyekwisha kutokwa damu asitosheke na kuambiwa "siki ni safi." Siki haioni ndani ya mji wa mimba. Kadhalika picha ya ultrasaundi, ambayo watu huiamini kupita kiasi, huona vivimbe na unene wa ndani, lakini saratani changa ya mlango wa kizazi yaweza kuipita bila kuiona. Kila kipimo kina jicho lake. Nimekutana na mama aliyeweka karatasi ya ultrasaundi kabatini kama cheti cha uzima, kumbe hakuna aliyewahi kumtazama mlango wa kizazi.

Ultrasaundi basi ndiyo inayofuata. Kwa wanawake Waafrika hupata fibroidi nyingi mno, tena si saratani na mara chache sana hugeuka kuwa saratani. Wengine huishi nazo hata uzeeni bila kujua. Lakini kikiwa ndani upande wa kitanda, hata kidogo kama harage, kivimbe chaweza kumwaga damu nyingi kuliko kikubwa kama chungwa kilichoko nje ya ukuta. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kuuliza ukubwa tu. Mahali ndipo penye maneno.

Kwa mwanamke aliyekwisha koma, picha hiyo hupima unene wa ngozi ya ndani. Ikiwa nyembamba, milimita 4 au chini yake, saratani ni nadra, ijapokuwa damu ikiendelea kurudi hutafutwa tena. Ikizidi hapo, huchukuliwa kinyama kidogo kwa mrija mwembamba au kwa kukwangua, kikatazamwe kwa hadubini. Na hata kwa asiyekoma, akiwa na miaka 45 au zaidi na damu yake ni ya kuvurugika, madaktari hushauri kinyama kichukuliwe. Shangazi alikutwa na milimita 14.

Kinyama chake kilipelekwa Mwanza, tukangoja majuma kadhaa. Hapa sitawadanganya: kungoja huko ni kugumu, nauli za kwenda na kurudi ni nyingi, na kuna wanaokata tamaa wakaacha jibu lao limelala katika bahasha. Karagwe tuna hospitali za Nyakahanga na Nyakaiga, na Kyerwa iko ya Isingiro. Kutoka huko mgonjwa huweza kuandikiwa kwenda hospitali ya mkoa Bukoba, au Bugando huko Mwanza, ambako saratani hutibiwa kwa mionzi, au Ocean Road mjini Dar es Salaam. Ulizeni kwanza kwa simu au kwa mtu anayekwenda ni siku gani mtaalamu yupo. Na mtu akichukuliwa kinyama, aandike tarehe aliyoambiwa kurudi, tena aache namba ya simu ya mtu ambaye simu yake huwa na moto.

Wingi wa damu

Jambo ambalo halipasi kungoja jibu lolote ni wingi wa damu iliyobaki. Mwanamke asiye mjamzito apaswa kuwa na 12 au zaidi. Shangazi alikuwa na 7.9, naye alikuwa bado akibeba mkungu wa ndizi toka bondeni. Mwili ukipoteza damu polepole huzoea, mtu akatembea akiwa nusu. Dalili zake ni kuhema kwenye mlima uliokuwa ukiupanda ukiimba, moyo kudunda ukiwa umelala, viganja na ulimi kuwa vyeupe, kichwa kuuma, na hamu ya kula udongo. Vidonge vya madini ya chuma husaidia kweli, mradi chanzo kinatafutwa. Na sisi wa nchi ya kahawa tukumbuke kwamba kahawa na chai zikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja au mbili baada ya kula. Maharage, dagaa, nyama na maini, pamoja na tunda chachu kama limau au chungwa, vyafaa.

Mama anayelowesha pedi au kitambaa kizima kila saa moja, saa mbili tatu mfululizo, au anayeona giza akisimama, huyo apelekwe sasa hivi, usiku au mchana. Asingoje kupambazuka.

Matibabu sitayaeleza sana, kwa sababu hutegemea chanzo, na mtu asije akaenda dukani na gazeti mkononi. Kuna dawa za kupunguza damu, kuna za homoni, kuna kuondoa vivimbe, kuna kuondoa mji wa mimba wote, na kwa saratani kuna upasuaji, mionzi na dawa. Ila swali moja huulizwa ofisini kwetu mara kwa mara, tena kwa kunong'ona: je, Mkatoliki aruhusiwa kunywa vidonge vya homoni, au kuondolewa kizazi? Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, alieleza wazi kwamba tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili haikatazwi, hata kama inajulikana kwamba uzazi utazuilika, mradi kuzuia uzazi si ndiyo nia yenyewe. Mwenye wasiwasi aende kwa paroko wake akamweleze, lakini asimwage damu miezi sita kwa kuogopa dhambi isiyokuwapo.

Akina baba, neno langu kwenu ni fupi, na mkinikasirikia nitavumilia. Fedha ya kahawa hukaa mikononi mwetu. Yapo mabati, ipo pikipiki, ipo rubisi ya kila Jumapili, na mama akitaka nauli ya kwenda hospitali aambiwa angoje msimu. Hataki kukuambia ni ya nini kwa sababu anaona haya, nawe humuulizi kwa sababu waona haya. Miezi hupita hivyo, wawili mnalala nyumba moja. Mkeo akifua nguo usiku, akikataa kwenda harusini, akianza kukaa jikoni kwenye kigoda kila anapokoroga chakula, muulize. Nami sikumuuliza mwalimu wangu wa komunyo, kwa hiyo sisemi kwa kujivuna.

Na binti zenu wadogo wapelekeni kuchanjwa. Chanjo ya kirusi cha papiloma ilianza nchi nzima mwezi wa Aprili mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Mwaka 2024 ikawa sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wengine wanasema sindano ilipunguzwa kwa uhaba wa fedha. Sivyo ilivyoanza: hapa jirani, Mwanza, wasichana 930 walishiriki katika uchunguzi ulioanza mwaka 2017, wengine wakachomwa mara moja, wengine mbili, wengine tatu, na kinga ya sindano moja ikaonekana kudumu. Uchunguzi wa ziwani kwetu uliwasaidia wakubwa wa dunia kukata shauri. Uvumi kwamba chanjo hiyo inafunga uzazi hauna ukweli.

Kalenda ya shangazi

Siku ile ya kwanza, daktari alimuuliza shangazi damu ilitoka tarehe zipi. Hakujua. "Tangu kahawa," alisema, kama alivyoniambia mimi. Daktari akamwuliza kama ana kalenda nyumbani, naye alikuwa nayo mkobani, ile mpya aliyoinunua kwangu, bado imekunjwa. Basi akaonyeshwa: siku ya damu kidogo, nukta moja, siku ya damu nyingi, nukta mbili, siku ya mabonge, msalaba. Penseli inatosha, na asiyejua kusoma aweza. Akina mama, kipimo hiki hakina gharama, na chaweza kuanzwa leo jioni na kila mwenye miaka arobaini, hata kama hana tatizo lolote. Mume akiona nukta ukutani hahitaji kuelezwa zaidi, na mtoto atadhani ni siku za kikundi cha kuweka akiba.

Aliporudi kusikiliza jibu, aliibeba ile kalenda chini ya kanga. Daktari alihesabu nukta zake zote kabla hajafungua bahasha. Jibu lilikuwa kwamba ngozi ya ndani imenenepa, na chembe zake zimeanza kugeuka sura, lakini saratani bado. Aliongezewa damu, mwezi uliofuata mji wa mimba ukaondolewa. Mumewe aliuza mbuzi wawili, akakaa nje ya chumba cha upasuaji toka asubuhi hata alasiri, wala hakukubali kula.

Desemba iliyopita shangazi alikuja tena ofisini akataka kalenda. Nikamwuliza kwa mzaha ataandika nini safari hii, maana hana nukta za kutia tena. Akanijibu kwamba ile ya zamani ilimzoesha vibaya. Sasa anaandikia tarehe ambazo kuku wake wameanza kuatamia, kwa hiyo nimpe ile yenye nafasi kubwa.